Ushuru wa Chakula cha Oda Uishie Mlangoni mwa Kampuni

Ngara ni mtaa wa maduka na vibanda, lakini sehemu kubwa ya chakula chake huuzwa bila duka. Kati ya Barabara ya Murang'a na Park Road, ambako nyumba kuukuu zilizojengewa familia za Kihindi na watumishi wa serikali ya kikoloni sasa zimezungukwa na ghorofa, hosteli na ule mradi wa nyumba 1,370 za bei nafuu, biashara hufanyika sebuleni. Chama hukutana, katalogi huzungushwa, oda huandikwa kwenye kundi la WhatsApp: kilo mbili za chevda, chupa tatu za achari, keki ya ubatizo, pakiti za chai na masala, kapu la sikukuu. Pesa hutumwa kwa M-Pesa, na mzigo huletwa Jumamosi. Mtindo huu una ukoo mrefu. Mwaka 1951 kampuni ya Tupperware ya Marekani iliondoa vyombo vyake madukani ili viuzwe kwenye karamu za nyumbani peke yake, na ingawa yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika Septemba 2024, iliyoufundisha ulimwengu kumgeuza mgeni kuwa mteja ni hiyo. Swali linaloisumbua Nairobi ni la ushuru: chakula kikiuzwa kwa njia hii, VAT ya asilimia 16 inamhusu nani, na ikusanywe mlango upi? Jibu langu ni kwamba ikusanywe mara moja, kwenye kampuni au kiwanda kinachotoa bidhaa, na serikali iache kumfuata mama wa sebuleni ambaye mauzo yake hayajafika kiwango cha kusajiliwa.

Tuanze na chakula chenyewe, maana wengi huzungumza kana kwamba chakula chote ni kimoja mbele ya sheria. Sheria ya VAT ya 2013 inakigawa makundi matatu. Mboga, mayai na mazao mengine ya shambani ambayo hayajasindikwa yamesamehewa. Mkate wa kawaida unatozwa asilimia sifuri. Vingi vilivyobaki, yaani keki, biskuti, mafuta ya kupikia, siagi ya mimea na vyakula vilivyokwisha kupikwa, vinatozwa asilimia 16. Kusamehewa na kutozwa sifuri si kitu kimoja, ijapokuwa mteja haoni tofauti kwenye bei. Muuzaji aliyesajiliwa ambaye bidhaa yake ni ya sifuri hurudishiwa VAT aliyolipa kwenye vifungashio na umeme. Wa bidhaa iliyosamehewa harudishiwi kitu, hivyo ushuru huo hujificha ndani ya gharama zake. Ndiyo maana Mswada wa Fedha wa 2021 ulipotaka kuuhamisha mkate kutoka sifuri hadi msamaha, Bunge lilikataa, na ndiyo maana wa 2024 ulipotaka kuutoza asilimia 16 kamili, pendekezo hilo liliondolewa hata kabla mswada mzima haujatupwa Juni mwaka huo. Uingereza nako mstari kati ya keki na biskuti ya chokoleti ulifikishwa hadi kwenye baraza la ushuru mwaka 1991, ambako kitafunwa kiitwacho Jaffa Cakes kiliamuliwa kuwa keki, mojawapo ya hoja ikiwa kwamba kikichacha huwa kigumu, ilhali biskuti hulainika. Maafisa wanaoweza kubishana hivyo na kiwanda kikubwa hawatamaliza leo wala kesho wakianza kubishana na kila jiko la Ngara.

Sasa tuhesabu. Chukua pakiti ya kitafunwa ambayo kampuni inamuuzia wakala wake wa sebuleni kwa shilingi 800 kabla ya ushuru. VAT yake ni shilingi 128, kwa hiyo wakala analipa 928. Bei ya katalogi ni 1,160, na hiyo ndiyo anayolipa jirani. Kama pakiti hiyo ingeuzwa na duka lililosajiliwa, bei ya 1,160 ingekuwa na VAT ya shilingi 160 ndani yake. Wakala hajasajiliwa, kwa hiyo serikali imepata 128 na imekosa 32. Yaani asilimia 80 ya ushuru wote imekwisha kulipwa kabla katalogi haijafunguliwa sebuleni. Wanaosema biashara ya nyumbani haitozwi ushuru wanazungumzia shilingi 32 kana kwamba ni 160. Na ili serikali izipate hizo 32 kutoka kwa maelfu ya mawakala, kila mmoja angelazimika kusajiliwa, kutunza hesabu, kutoa ankara na kuwasilisha fomu kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi, naye afisa wa Mamlaka ya Ushuru, KRA, azikague fomu zote hizo. Gharama ya kuzikusanya shilingi hizo huenda ingekuwa kubwa kuliko zenyewe.

Hapa mwenye duka ana malalamiko, na yana haki ya kusikilizwa. Yeye analipa kodi ya chumba, kibali cha kaunti, leseni ya afya ya chakula, mshahara wa kijana wa kaunta, halafu jirani yake aliye ghorofa ya tatu anauza keki ileile bila hata kimoja. Lakini malalamiko hayo yanachanganya mambo mawili. Leseni ya afya ni suala la usalama wa mlaji, na sioni kwa nini jiko la nyumbani linalolisha watu 100 liponyoke. Hapo kaunti ina kazi yake. VAT ni jambo jingine. Kiwango cha kusajiliwa ni mauzo yanayotozwa ushuru ya shilingi milioni 5 katika miezi 12, na kinawahusu sawasawa wenye duka na wasio na duka. Milioni 5 kwa mwaka ni karibu shilingi 13,700 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Muuza keki anayeoka oda 100 kwa mwezi za shilingi 1,500 kila moja ana mauzo ya milioni 1.8 kwa mwaka. Yuko mbali na mpaka, kama vilivyo vibanda vingi vya soko la Fig Tree. Tena aliyesajiliwa hudai VAT ya mafuta, umeme na makasha ya keki; asiyesajiliwa huimeza yote.

Na si kwamba huyo wa milioni 1.8 haguswi kabisa. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, mwenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 hulipa ushuru wa mauzo ghafi, TOT, wa asilimia 3 badala ya asilimia 1 ya awali. Huu hauangalii faida. Tuseme wakala ameuza vyakula vya shilingi milioni 2 na kubaki na asilimia 10, yaani 200,000. TOT yake ni 60,000, ambayo ni asilimia 30 ya faida yote. Biashara ya chakula hula faida nyembamba. Keki ikidondoka ngazini, faida ya nyingine kadhaa imekwenda. Kwa maoni yangu, hapo ndipo palipo na dhuluma, kuliko kwenye VAT inayodaiwa kukwepwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu kampuni zenyewe. Inawezekana mtu mwenye mauzo ya milioni 40 akayakata vipande kwa mawakala 20, kila mmoja chini ya milioni 5, na faida yote ya rejareja ikawa nje ya VAT. Hilo haliwezi kupuuzwa, lakini dawa yake haiko sebuleni. Sheria ya VAT ya Uingereza ya 1994 inairuhusu mamlaka kuielekeza kampuni inayouza kupitia watu wasiosajiliwa ilipe ushuru kwa bei ya mwisho ya rejareja, na Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuukubali utaratibu wa namna hiyo mwaka 1988 katika kesi ya Direct Cosmetics. Katika majimbo mengi ya Marekani, kampuni za mauzo ya nyumbani hukusanya ushuru wa bei ya katalogi zinapompelekea wakala mzigo, na wakala hana fomu ya kujaza. Kenya ikifanya hivyo, zile shilingi 32 zingepatikana kwa ankara moja. Wapo watakaosema wakala humpunguzia shemeji bei, au hula bidhaa mwenyewe, hivyo atakuwa ametozwa kwa bei ambayo hakuipata. Kweli, na kwa hiyo kampuni iruhusiwe kukokotoa kwa wastani wa bei halisi za mauzo. Kwa achari na chevda zinazotengenezwa nyumbani, ambazo hazina kampuni nyuma yake, utaratibu huu haugusi kitu. Hizo zibaki kwenye mpaka wa milioni 5.

Mahali pengine ambapo muuzaji mdogo anaumia kweli siku hizi ni kwenye risiti. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato ya mnunuzi. Ofisi ya mjini iliyozoea kuagiza chakula cha mkutano kutoka jiko la Ngara sasa huuliza ankara kwanza. Marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika Desemba 27, 2024 yanamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5, na ni hatua nzuri ambayo wapishi wengi wangefaidika kuitaja kwa wateja wao. Kwa aliyekwisha kusajiliwa, hatari iko kwenye kapu. Kapu la sikukuu lenye unga, mayai, mafuta na biskuti likiandikwa bei moja, anajitafutia kutozwa asilimia 16 kwa vitu visivyostahili. Mfumo wa eTIMS una herufi: A kwa kilichosamehewa, B kwa asilimia 16, C kwa sifuri. Kila kitu kiandikwe kwenye mstari wake.

Juni 2025 wabunge walikataa pendekezo ambalo lingeondoa kinga inayoizuia KRA kudai taarifa za kibinafsi za wateja wa biashara. Walifanya vyema, orodha ya wanachama wa chama na walichokula si hesabu ya serikali. Lakini kinga hiyo haimfichi mwenye mauzo makubwa. Anayeuza kwa oda ajumlishe miezi 12 yoyote inayofuatana, asisubiri Januari. Mboga na mayai yaliyosamehewa yasiingizwe kwenye jumla hiyo. Mkate wa kawaida uingizwe, kwa sababu sifuri nayo ni kiwango cha ushuru. Jumla ikifika milioni 5, ana siku 30 za kuomba usajili.