Jiko la Nyumbani Ugenini

Asma Khan alipofika Cambridge, Uingereza, mwaka 1991, akiwa mke kijana aliyemfuata mumewe, hakujua kupika. Alizaliwa Calcutta, India, na mama yake alikuwa na biashara ya kupikia watu karamu. Lakini kama mabinti wengi wa nyumba zilizojaa chakula, yeye alikula tu. Siku moja, akipita njiani katika mji ule wa baridi, alisikia harufu ya chapati za samli ikitoka katika nyumba ya watu asiowajua. Akasimama, akalia. Wenzetu walioolewa Uarabuni na Ulaya hawahitaji kufafanuliwa kilio hicho.

Akarudi kwao kwa muda, akajifunza jikoni kwa wazee wake. Kisha maisha yakamchukua: wana wawili wa kiume, masomo ya sheria London, hata akapata shahada ya uzamivu. Mwaka 2012, badala ya kushika kazi ya sheria, akaanza kupika nyumbani kwake karamu za kulipia. Wageni walikuja, wakaketi mezani pake, wakala biriani na vyakula vya kwao. Waliomsaidia walikuwa kina mama wahamiaji kutoka Asia ya Kusini, baadhi yao wakilea watoto wa watu kwa mshahara. Hakuna aliyepitia chuo cha upishi. Walichokuwa nacho ni mikono iliyofundishwa na mama zao.

Biashara ilipokua, wanawe walilalamika kuwa nyumba si nyumba tena, imejaa watu wasiowajua. Mama yao aliwasikiliza, akazitoa karamu nje ya nyumba. Mwaka 2015 alipika katika nyumba ya ulevi, Soho. Hatufichi jambo hili, wala hatulipendekezi kwa yeyote. Tungetamani apate jiko jingine. Mwaka 2017 alifungua mkahawa wake mwenyewe, Darjeeling Express, na jikoni wakaingia wanawake watupu, wale wale aliopika nao nyumbani.

Tumelileta jambo hili kwa sababu ya lile lalamiko la watoto, ambalo husahauliwa pindi mafanikio yanaposimuliwa. Kwetu pwani desturi imeliepuka kwa njia yake: mteja haingii ndani, chakula ndicho kinachotoka. Mahamri na mbaazi, viazi karai, kaimati za Ramadhani, vyote huuzwa barazani au hupelekwa dukani katika deli, na sitara ya nyumba hubaki. Lakini mtoto halipi kwa wageni peke yao. Hulipa kwa usingizi pia.

Madrasani tunamtambua mtoto wa nyumba ya biashara. Tulikuwa na mwanafunzi ambaye mama yake alihamia mjini kwetu kutoka Yemen, akawa anaoka mikate ya kwao na kuiuza asubuhi. Kijana alikuwa akisinzia juu ya msahafu kila siku. Tulikaribia kumkaripia, kisha tukamwuliza. Kumbe huamka saa tisa za usiku kumkandia mama yake unga. Tulipomwendea yule mama, alitujibu kwa adabu kutoka nyuma ya pazia: "Sheikh, kodi ya nyumba haisubiri."

Tulikaa naye tukapiga hesabu. Aliandika unga, samli, mayai na gesi, akatoa katika mauzo, akasema kilichobaki ni faida. Hakuandika saa zake wala za mwanawe. Hakuandika madeni ya majirani, ambao humwambia "tutakulipa inshallah" wakiifanya inshallah kuwa kufuli badala ya ahadi. Wala hakuwa na kibali cha kaunti au cheti cha afya cha mshika chakula, akahofia kila afisa apitaye mtaani. Kina baba nao wana swali la kujiuliza: sheria yetu imempa mke mali yake, na nafaka ya nyumba ni juu ya mume, inakuwaje basi fedha za mahamri zilipie umeme, na mwenye mahamri aombe nauli?

Mama huyu hakuwa na mume wa kuulizwa. Alipandisha bei kidogo, akabandika daftari la madeni mlangoni pasipo majina, tarehe na kiasi tu, na wadeni wakajijua. Alimpata pia jirani wa Kisomali wa kukanda naye, wakagawana faida. Sisi tulihamisha darasa la kijana baada ya alasiri. Mikate ingali inauzwa kabla ya jua kuchomoza, na wiki iliyopita alihitimu Juzuu Amma kwa moyo, mama yake akatuletea sinia nzima, akakataa kupokea hata senti.