Je, Wajua? Bembea ya Askofu

Je, wajua kwamba bembea mashuhuri kuliko zote katika uchoraji wa Ulaya nusura isukumwe na askofu? Mwaka 1767, bwana mmoja wa baraza la mfalme wa Ufaransa alimwita mchoraji Gabriel-François Doyen. Alitaka mpenzi wake achorwe akibembea, askofu akimsukuma, na yeye bwana akae mahali pa kuiona vizuri miguu ya bibie. Doyen, mzoefu wa picha za kanisani, alishtuka, akamwelekeza kwa Jean-Honoré Fragonard. Huyu hakuwa na haya, ila askofu alimwondoa: kwenye kivuli akaweka mzee wa kawaida anayevuta kamba. Kiatu cha bibie kinaruka hewani. Picha hiyo ipo Wallace Collection, London.

Ndiyo Rokoko hiyo, mtindo wa sanaa wa enzi hizo: bustani, hariri, kufungana kitambaa machoni. Michezo ya watoto, wachezaji watu wazima wanaotongozana, tena wasiojua jembe.

Huku kwetu burudani ya wakubwa ilidai hesabu. Toka Kiwanja, mashariki mwa Kongo, vuka mpaka Bunagana, na umeingia Uganda, nchi ya omweso, mchezo wa bao uliochezwa hata katika kasri la kabaka, mfalme wa Buganda: mashimo 32, kete 64. Nchini Rwanda kuna ndugu yake, igisoro. Kwangu mimi, huo ndio mchezo wa kiungwana hasa.

Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yaliwatawanya wateja wa Fragonard, naye akafa mwaka 1806. Igisoro bado unachezwa. Ukimpata mzee anayeujua, mwombe akufundishe.