Rafiki wa Njia ya Usiku: Wawili Katika Kuupanda Kilimanjaro

Yasemwa tangu zamani kwamba tabia ya mtu hudhihirika safarini. Nyumbani kila mmoja ana mlango wa kuufunga, njiani hana. Na katika safari zote za nchi yetu, hatujui iliyo fupi kwa masafa na ndefu kwa mtihani kama ule usiku mmoja wa kupanda kilele cha Kilimanjaro.

Sisi tukaao Mlali, wilayani Kongwa, twaishi katika nchi kavu ya mtama, karanga na alizeti, na mlima huo u mbali nasi. Lakini siku hizi vijana wetu hushika njia ya Kondoa na Babati wakaenda Kaskazini kuujaribu, na wazazi huja kutuuliza: safari ya namna hii ina nini ndani yake, na yafaa mtoto aende na nani? Swali la pili ndilo kubwa, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kwanza tueleze usiku wenyewe ulivyo. Wapandao kwa njia ya Marangu hulala Mandara, kisha Horombo, kisha hufika kibanda cha Kibo, kilicho kiasi cha mita 4,700 juu ya bahari. Hapo hupumzika jioni, na karibu na saa sita za usiku huamshwa, wakavaa nguo zote walizo nazo, wakawasha tochi, wakamfuata kiongozi. Mbele yao wana kimo cha takriban mita 1,200 mpaka kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895. Wakijaliwa, alfajiri huwakuta kwenye ukingo wa shimo la mlima, mahali paitwapo Gilman, mita 5,681. Na toka hapo kilele bado ni mwendo wa saa moja na zaidi.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini usiku? Sababu ni kwamba changarawe ya mteremko ule huganda kwa baridi, mguu ukapata pa kukanyaga. Mchana hulegea, na mtu apigapo hatua mbili hurudi moja. Tena asubuhi mbingu huwa wazi, na baadaye mawingu hufunika. Na apandaye usiku hubakiwa na mchana mzima wa kushuka.

Adui wa safari hii si baridi tu, bali ni upungufu wa hewa. Kule kileleni mtu apumuapo hupata kiasi cha nusu tu ya oksijeni aipatayo pwani. Mji wa Dodoma u kiasi cha mita 1,100, na mwili wetu umezoea hapo. Apandaye kwa haraka huumwa kichwa, hukosa usingizi, hutapika. Hayo ni maonyo. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, akasema maneno yasiyo na mpango, au akakosa pumzi hata akiwa ameketi, basi maji yamekwisha kuingia katika ubongo au katika mapafu, na jambo hilo huua. Dawa zipo, lakini hakuna iliyo badala ya kushuka upesi.

Sala nazo zina njia yake, wala mlima si udhuru wa kuziacha. Msafiri hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, naye anayo ruhusa ya kukusanya. Aliyevaa khofu kwa masharti yake hupaka juu yake siku tatu na usiku wake. Na achelеaye kudhurika kwa maji ya baridi hutayamamu. Tuna habari ya Amr bin al-Aas katika vita vya Dhaatis-Salaasil, aliyeogopa baridi ya usiku akatayamamu akawasalisha wenzake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopewa habari alitabasamu wala hakumlaumu. Dini hii haikumtaka mtu aiangamize nafsi yake kwa ajili ya wudhuu. Itamtakaje aiangamize kwa ajili ya kilele?

Sasa tutazame habari za waliotangulia. Mjerumani Hans Meyer alikwenda mlimani mwaka 1887. Mwenzake, von Eberstein, aliishiwa nguvu njiani. Meyer akaendelea peke yake mpaka kwenye ukuta wa barafu, akashindwa, akarudi. Mwaka 1888 alikuja tena pamoja na Oscar Baumann, lakini pwani ilikuwa imewaka vita vya Bushiri, nao wakakamatwa, wasifunguliwe ila kwa fedha. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu, na safari hii alimchagua mwenzake kwa uangalifu: Ludwig Purtscheller, mwalimu wa Austria aliyeizoea milima. Tarehe 3 Oktoba walitoka gizani, wakafika ukingo wa shimo, wakaona kilele kiko ng'ambo na jua limepita na nguvu zimekwisha. Wakarudi. Baada ya siku tatu, tarehe 6 Oktoba, walifika. Na wakati wote huo mtu wa Pangani, Mwini Amani, aliwangojea kambini katika baridi kali, akawatunzia moto na chakula.

Basi aangaliaye vizuri ataona kwamba waliofika ni wale wale waliokubali kurudi. Wangeling'ang'ania siku ile ya tarehe 3, huenda tusingalisikia habari zao.

Tusimulie na habari ya karibu. Vijana wawili waliosoma katika chuo chetu, marafiki tangu utoto, waliweka akiba ya alizeti misimu miwili wakaenda Kilimanjaro. Usiku wa kilele, walipopita mita 5,000, mmoja akaanza kuyumba. Akaulizwa jina la kijiji chake, akajibu jambo jingine. Kiongozi akasema, huyu ashuke sasa hivi. Akamwambia yule mzima: "Msaidizi wangu atashuka naye. Wewe una nguvu, twende tumalizie." Hiyo ndiyo desturi ya huko, wala haina ubaya. Lakini mgonjwa alikataa kushuka. Akili ilikuwa imefunikwa, akisema kilele ki hapo tu. Hakumsikia kiongozi wala msaidizi. Alimsikia rafiki yake alipomsemesha kwa Kigogo, akamshika mkono, akamwambia, "Twende nyumbani." Wakashuka wote. Walipofika Horombo, mgonjwa alikuwa amekwisha kujua mahali alipo.

Waliporudi huku, watu walicheka. Wakasema barazani: fedha ya misimu miwili, na hata picha ya kileleni hakuna! Yule mzima aliyabeba maneno hayo kimya, na ndugu zake wengine walimwita mjinga aliyeacha riziki yake kwa ajili ya mtu aliyekuwa na msaidizi wa kumshusha.

Sisi twasema hakuacha riziki yake. Msaidizi angaliweza kumbeba mgonjwa, lakini asingaliweza kumshawishi. Na katika maradhi yale muda upoteao kwa kubishana ndio uuao. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu mmoja tu katika mlima mzima, nayo haikuwa na mwenye kuifanya badala yake. Kilele cha Uhuru kipo. Luteni Alexander Nyirenda alipokipandishia bendera na mwenge usiku wa uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, kilikuwapo, na mwakani kitakuwapo.

Basi enyi wazazi, mtoto akija kuomba ruhusa, msimwulize kwanza ana viatu gani. Mwulizeni aenda na nani. Na enyi vijana, kabla hamjatoka nyumbani agizianeni mambo matatu: kwamba yeyote atakayeumwa atasema, wala hatajificha, kwamba neno la kurudi likisemwa na mwenzio mzima halibishiwi, na kwamba hapana atakayemhesabia mwenzake gharama baadaye. Mkiyakubali hayo nyumbani, akili ikiwa timamu, mtayakumbuka huko ambako akili hupungua. Na asiyeweza kuyakubali, ni heri mkamjua sasa hapa barazani kuliko kumjua mita 5,000 juu, usiku wa manane.