Juu ya nini kidonda cha mfupa hakiponi kwa dawa peke yake?



Wengi wetu tunamujua kijana ambaye mguu wake unatoa usaha tangu miaka miwili ao mitatu. Kidonda kinafunga, jamaa wanafurahi, kisha kinafunguka tena. Amemeza vidonge vya kila namna. Mwishowe watu wanasema: amelogwa. Naye anaacha masomo juu ya haya ya harufu. Lakini ugonjwa huu uko na jina, osteomielite ya muda mrefu, na uko na matibabu.

Mara nyingi unaanza utotoni. Mikrobi, zaidi ile ya stafilokoke, inapita katika damu na kukaa ndani ya mfupa wa paja ao wa muundi. Usaha unajaa na kuziba njia za damu. Kipande cha mfupa kinakosa damu, kinakufa. Waganga wanakiita sekwestre.

Sasa tufikiri. Dawa inasafiri na damu. Kipande kilichokufa hakiko na damu, basi dawa haifiki, na mikrobi inajificha mule. Ndiyo sababu ya kupasua: muganga anatoa kipande kile na kusafisha shimo mpaka anafika kwenye mfupa unaotoa damu. Kisha dawa inaweza kufanya kazi, mara nyingi juma 4 mpaka 6.

Tena hapana kuharakisha. Kuzunguka mfupa uliokufa, mwili wa mtoto unajenga mfupa mpya. Kama ule wa zamani unatolewa mbele ule mpya haujapata nguvu, mguu utabaki bila nguzo. Kwa hiyo muganga anatazama picha za radio, na pengine anasema: ngojeni miezi. Kumbe hajamukataa mgonjwa.

Mtoto akipata homa kali na maumivu ya mfupa, akikataa kukanyaga, apelekwe lopitali siku ile ile. Hapana kukanda, hapana kuchanja. Siku za kwanza mfupa ungali na damu, na dawa inaweza kuuokoa.

Na yule mwenzetu? Kukaa naye bengi moja hakutupi ugonjwa wake. Akiwa lopitali, tumuandikie masomo, ili akirudi akute nafasi yake.