Mtoto Mdogo na Runinga: Wazazi Wanasemaje?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya lishe, chanjo na malaria. Mwezi huu tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo akina mama na akina baba wanatuuliza karibu kila wiki wanapoleta watoto kupimwa uzito: Je, ni vizuri mtoto mdogo atazame runinga?

Zamani swali hili lilikuwa la watu wachache. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya runinga mwaka 1994 tu. Siku hizi runinga imeingia hata katika nyumba za vijijini, viko ving'amuzi vinavyoonyesha katuni mchana kutwa, na simu ya mama nayo imekuwa runinga ndogo ya mkononi. Hivyo basi, tuliwauliza wazazi waliokuwa wakisubiri zamu zao kliniki wanaonaje jambo hili. Walijibu kwa moyo, na wengine walibishana. Tutayapima maoni yao moja baada ya jingine. Lakini kwanza tuwasimulie kisa kimoja.

MTOTO ALIYEKUWA HASEMI

Mama mmoja mwenye duka alimleta mwanawe wa kiume, umri miaka miwili na miezi minne. Uzito wake ulikuwa mzuri na chanjo zote alikwisha pata. Mama akatuuliza kwa sauti ya chini: "Sista, mwanangu ni bubu?"

Mtoto hakuwa na neno hata moja la kuombea kitu. Akitaka maji alimvuta mtu mkono mpaka kwenye ndoo. Hata hivyo aliweza kuimba, bila kukosea, sauti ya tangazo la biashara analolisikia kwenye runinga. Tulimwita kwa nyuma, akageuka. Daktari alimpima masikio, akaona anasikia vizuri.

Tulipouliza habari za nyumbani, tuliambiwa kuwa mama hutoka alfajiri na kurudi usiku, baba yuko safarini, na mtoto hushinda na dada wa kazi. Runinga huwashwa asubuhi na kuzimwa watu wanapokwenda kulala. "Nilidhani inamfundisha," alisema mama.

Hapo sisi wauguzi tulikosea. Tulimwambia kwa mkato, "Zima hiyo runinga," tukamwita mwingine. Mwezi uliofuata hakuja. Aliporudi baadaye alitueleza kuwa alijaribu siku mbili, mtoto akalia kutwa, dada wa kazi akashindwa kupika, wakaiwasha tena. Tulikuwa tumemwondolea kitu bila kumpa kingine mahali pake. Aidha, tulikuwa tumesahau kuwa anayeshinda na mtoto si mama, ni yule dada. Safari ya tatu tukamwomba aje naye.

Tutawaambia mwishoni ilivyokuwa. Sasa tuyatazame maoni ya wazazi.

"RUNINGA INAMFUNDISHA MTOTO"

Maoni haya ndiyo yaliyosikika zaidi, na yana ukweli ndani yake, ila yanategemea umri wa mtoto na kipindi chenyewe.

Kwa mtoto aliyefikisha miaka mitatu au zaidi, kipindi kilichotengenezwa vizuri kinaweza kufundisha. Jambo hili limepimwa hapa hapa nchini. Watafiti waliwafuatilia watoto wa Dar es Salaam na Kisarawe waliotazama Kilimani Sesame, na matokeo yalitolewa mwaka 2010. Waliokipata zaidi kipindi hicho waliendelea vizuri zaidi katika herufi, hesabu na mambo ya afya. Baadaye watoto wa shule za awali mkoani Morogoro walionyeshwa Akili and Me, kipindi cha Kitanzania cha watoto wa miaka 3 hadi 6, kwa muda wa majuma manne. Walifanya vizuri kuliko wenzao walioonyeshwa vipindi vingine, kwa mfano katika kuhesabu, kutambua namba na kuchora.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili mambo ni tofauti. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitoa habari za jaribio walilofanya kwa watoto wa miezi 12 hadi 18. Baadhi walionyeshwa nyumbani, kwa majuma manne, filamu iliyouzwa kwa ajili ya kufundisha watoto wachanga maneno. Wengine hawakuonyeshwa filamu, bali wazazi wao waliambiwa wawafundishe maneno yale yale katika shughuli za kila siku. Wengine hawakufanyiwa lolote. Watoto waliotazama filamu hawakuwazidi wale ambao hawakufanyiwa lolote. Waliojifunza zaidi ni wale waliofundishwa na wazazi bila filamu. Na tena, wazazi walioipenda filamu ndio walioamini zaidi kuwa watoto wao wamejifunza, ingawa haikuwa hivyo.

Ndugu mzazi, tusijione wajinga kwa kudanganyika namna hii. Mtoto akikodolea macho kioo na kutingisha mwili kwa muziki, nani asingesema anajifunza? Lakini mtoto mdogo hujifunza kusema kwa kujibiwa. Yeye hutoa sauti, wewe unamtazama na kumjibu, naye anajaribu tena. Akisema "ma", wewe unasema "Maji? Haya, chukua maji." Runinga husema sana, lakini haimjibu.

"INAMTULIZA, NAMI NAPATA NAFASI YA KUPIKA"

Akina mama wengi walisema hivi, na baadhi yao waliona haya kusema. Hakuna sababu ya kuona haya. Mama aliye peke yake, mwenye jiko la moto na mtoto anayetambaa, ana haki ya kutafuta mahali salama pa kumweka mtoto. Ikiwa mtoto wa miaka mitatu anatazama kipindi kizuri cha nusu saa wakati ugali unapikwa, hakuna aliyeumia.

Shida huanza nusu saa inapogeuka kuwa siku nzima. Runinga ikiwaka muda wote, hata kama hakuna anayeitazama, watu wazima hunyamaza. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwafungia watoto wadogo vinasa sauti vidogo, wakaona kuwa kwa kila saa moja ya runinga inayosikika, mtoto alipungukiwa takriban maneno 770 kutoka kwa mtu mzima.

Sisi wenyewe tuliliona hilo. Katika chumba chetu cha kusubiria kulikuwa na runinga iliyowashwa tangu asubuhi ili watoto wasilie. Siku moja iliharibika. Kelele za watoto ziliongezeka, hatukatai. Lakini tulianza kuwasikia akina mama: "Tazama yule mtoto ana kofia kama yako! Kofia yako iko wapi?" Ilipotengenezwa, tulikubaliana iwashwe tu wakati wa vipindi vya mafunzo ya afya.

"BILA RUNINGA HALI CHAKULA"

Baba mmoja alituambia kuwa mwanawe hafungui kinywa mpaka awekewe katuni kwenye simu. Njia hii huonekana kufaa kwa muda, lakini mtoto anayelishwa macho yakiwa kwenye kioo hasikii vizuri tumbo lake likimwambia ameshiba au bado. Pia hapati nafasi ya kujifunza kula kwa kuwatazama wenzake. Punguzeni polepole: mlo mmoja wa siku uwe bila simu, kisha miwili. Mkalisheni pamoja na wengine, apewe sahani yake, na mvumilie akijipaka uji. Ikiwa mtoto anakataa chakula mara kwa mara au uzito wake unapungua, mleteni kliniki.

"INAHARIBU WATOTO, TUIONDOE KABISA"

Bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu mgongoni alisema hivyo, na wengi wakaitikia. Hofu yake ina sababu. Ziko katuni zenye kupigana na matusi, na tamthilia za watu wakubwa zinazoonyeshwa watoto wakiwa bado wamekaa sebuleni. Tena kasi ya picha nayo ina uzito wake. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa watoto wa miaka minne waliotazama katuni ya kasi kubwa kwa dakika 9 tu walifanya vibaya, mara baada ya kutazama, katika majaribio ya kutulia na kujizuia. Wenzao waliochora au kutazama katuni ya polepole hawakupata shida hiyo.

Hata hivyo, hatuoni kuwa kila nyumba lazima iondoe runinga. Tofauti iko kati ya katuni iliyochaguliwa na mzazi na katuni yoyote inayopita kituoni. Kuhusu macho, wazazi wengi waliuliza kama kukaa karibu na runinga huleta upofu. Hapana, hakuleti upofu. Lakini mtoto anayeisogelea kila mara huenda haoni vizuri mbali, hivyo yafaa apimwe macho.

KIASI GANI KINAFAA?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Kwa ufupi unasema hivi:

1. Mtoto chini ya miaka 2: asiwekwe mbele ya runinga wala simu.

2. Mtoto wa miaka 2 hadi 4: isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

3. Kuanzia mwaka 1 hadi miaka 4: acheze na kujongea kwa jumla ya saa 3 au zaidi kwa siku.

4. Usingizi, pamoja na ule wa mchana: saa 11 hadi 14 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 4.

Ukijumlisha saa za kulala, kucheza, kula na kuoga, utaona mwenyewe kuwa siku ya mtoto haina nafasi ya kutazama runinga kutwa.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

(a) Chagueni kipindi, si kituo. Kipindi kikiisha, runinga izimwe. Mwambieni mtoto mapema: "Kikiisha hiki, tunakwenda kuoga."

(b) Keti naye ukiweza, hata kama unachambua mchele. Muulize: "Yule kaenda wapi? Nawe una ngapi?" Hapo runinga inakuwa mwanzo wa mazungumzo.

(c) Saa moja kabla ya kulala, runinga na simu zizimwe. Huo ni wakati wa hadithi na nyimbo. Bibi na babu wanazo nyingi.

(d) Mpeni kitu mahali pake. Sufuria na mwiko, vifuniko vya chupa vikubwa asivyoweza kumeza, maboksi, mchanga uani. Mtoto wa miaka miwili akipewa ndoo tupu na nguo ndogo ya "kufua" hufurahi kuliko tunavyofikiri. Maji yasiachwe ndani ya ndoo bila mtu wa kumwangalia.

(e) Zungumzeni na anayeshinda na mtoto, awe dada wa kazi, bibi au jirani. Asiamrishwe tu, aelezwe sababu.

(f) Hakikisheni runinga imekaa imara au imefungwa ukutani, na nyaya hazining'inii. Runinga iliyowekwa juu ya meza ndogo inaweza kumwangukia mtoto anayepanda au kuvuta kitambaa.

LINI UMLETE MTOTO HOSPITALI?

Usiseme tu "ni runinga" ukangoja. Kuchelewa kusema kuna sababu nyingi, kama vile kutosikia, usaha wa masikio unaojirudia, au matatizo ya ubongo na ya ukuaji. Mlete mtoto ikiwa:

- amefikisha miezi 9 na hageuki unapomwita jina;

- amefikisha mwaka mmoja na nusu na hasemi neno lolote;

- amefikisha miaka miwili na haunganishi maneno mawili, kama "mama njoo" au "uji moto";

- wakati wowote, ameacha maneno aliyokuwa anayajua.

Mapema ni bora. Msiogope kuonekana mnasumbua.

MWISHO WA KISA CHETU

Yule dada wa kazi alikuja, binti wa miaka 19, akakaa kimya mlangoni. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kuongea na mtoto ni sehemu ya kazi yake. Kwao kijijini, alisema, watoto hujifunza wenyewe. Tulimkumbusha kuwa kwao nyumba ilikuwa na watu kumi wanaoongea, na hapa wako wawili tu. Akacheka, akaelewa. Tulimfundisha kutaja kila anachofanya: "Namenya ndizi. Ndizi hii. Shika ndizi." Runinga wakaanza kuizima asubuhi tu, baadaye mchana pia. Mama naye, arudipo usiku, aliacha simu mezani kwa robo saa ili aongee na mwanawe.

Baada ya miezi minne mtoto alifika kliniki akamnyooshea muuguzi kidole: "Sista, maji." Hatuwezi kusema ni runinga peke yake iliyomchelewesha, na bado tunamfuatilia. Lakini mama yake hakuuliza tena kama ni bubu. Aliuliza atamnyamazishaje.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo jioni jaribuni kuzima runinga kwa nusu saa na kumsikiliza mdogo wenu. Huenda ana mengi ya kuwaambia.

Tunawatakia malezi mema.