Mnyama Aogaye Vumbi

Msomaji wetu wa Mombasa, ambaye bintiye ameshikwa na shauku ya chinchila baada ya kumwona pichani, atuuliza iwapo mnyama huyo afaa kufugwa nyumbani. Habari za kizimba na majani makavu sitazisimulia, kwani kila mfuga sungura azijua. La ajabu ni manyoya.

Sisi wanadamu, kinyweleo kimoja aghalabu huotesha nywele moja au mbili tatu. Ama chinchila, aliyeumbwa akae katika majabali ya Andes ambako baridi ya usiku hukata maini, kila kinyweleo chake huotesha 50 na zaidi, nyembamba mno, zikasongamana hata kiroboto asipate mwanya. Manyoya kama hayo yakilowa hayakauki upesi, na unyevu uliobaki karibu na ngozi huzaa kuvu. Kwa hiyo mnyama huyu huoga vumbi: ukimtilia katika bakuli vumbi laini la mawe ya volkano, hujitupa ubavu, akajipindua na kuzunguka hata usione ila wingu; chembe zile hupenya baina ya nywele, zikanyonya mafuta na unyevu, naye akisimama akajikung'uta, taka hutoka pamoja nazo. Mimi husema kwamba chinchila hutayamamu, na wenye fikihi waniwie radhi, maana tayamamu ni ruhusa ya aliyekosa maji au ambaye maji yamdhuru, na huyu yumo katika fungu la pili. Illa mja hupaka uso na mikono tu, na udhuru ukiondoka ruhusa nayo hukoma, hali chinchila hujizamisha mwili mzima wala udhuru wake hauondoki maisha.

Joho hilo, hata hivyo, halivuliki. Chinchila hatoki jasho, joto lake hupungua zaidi kwa njia ya masikio yake mapana, na chumba kikizidi nyuzi 25 hivi huanza kutaabika. Mathias Chapman, Mmarekani aliyewapeleka 11 California mwaka 1923 ili azalishe ngozi za biashara, aliwashusha milimani polepole sana wapate kuzoea. Sembuse Mombasa ya mwezi wa Februari! Pasipo kiyoyozi usiku na mchana, hafai. Tena hulala mchana, akibanwa kwa nguvu huacha fumba la manyoya mkononi mwa aliyembana, na kwa kuwa aweza kuishi miaka 15 na kupita, huenda binti akaolewa, na babake akabaki kupepeta vumbi.