Lengo, Tarehe na Tarakimu: Kwa Nini Wengine Hufika na Wengine Hukwama

I. Swali Lenyewe

Kila mtu ana lengo, na kila Chama kina malengo. Mkulima anataka kuvuna magunia mengi kuliko mwaka jana, mwanafunzi anataka kufaulu, kijiji kinataka kisima. Lakini msimu ukiisha tunakuta wapo waliofika na wapo waliokwama, ingawa wote walianza kwa ari ile ile. Wapo wanaolieleza jambo hili kwa bahati, na wapo wanaosema kwamba waliokwama ni wavivu. Maelezo ya kwanza ni ushirikina. Maelezo ya pili ni kasumba tuliyoachiwa na wakoloni, ambao walimwita Mwafrika mvivu kila alipokataa kulima zao lisilomfaa. Kada hana budi kuyakataa yote mawili na kuyatazama mambo yenyewe jinsi yalivyotendeka.

Historia yetu inatupa mfano ulio wazi. Katika miaka ya 1970 Chama kimoja, chini ya uongozi ule ule, kilijiwekea malengo mawili makubwa karibu wakati mmoja. La kwanza lilikuwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. La pili lilikuwa kuwafanya wananchi wa vijijini waishi pamoja na kuzalisha kwa pamoja. Lengo la kwanza lilikosa tarehe yake, lakini likaendelea mpaka likakaribia kufikiwa. Lengo la pili lilitimiza tarehe yake, lakini kiini chake kikapotea. Tunataka kueleza kwa nini ilikuwa hivyo.

II. Lengo Lililokosa Tarehe

Mwaka 1967 kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mkesha wa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alilihutubia Taifa na kuutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hata hivyo kazi ya kufuta ujinga haikuanza nchi nzima kwa mara moja. Zilichaguliwa wilaya sita za kuanzia, yaani Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Katika mwaka wa 1971 TANU iliamua kwamba ujinga huo ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa mwaka 1975.

Tuangalie jinsi kazi ilivyopangwa. Haikungojea majengo mapya, maana kila shule ya msingi ilifanywa kituo cha elimu ya watu wazima, na pasipo na darasa watu walisoma barazani au chini ya mti. Haikungojea walimu wenye shahada, maana waliomaliza shule ya msingi walifundishwa kufundisha, wakawa walimu wa kujitolea kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Vitabu navyo viliandikwa kufuatana na kazi za watu: pamba, migomba, ufugaji, uvuvi, mambo ya nyumbani. Hiki ndicho kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba aliyezijua tarakimu aliweza kuisoma mizani mwenyewe, na karani wa kununulia pamba hakuweza tena kumpunja kwa urahisi. Kwa hiyo lengo la Taifa lilikuwa pia faida ya mtu mmoja mmoja, naye aliiona kwa macho yake kabla ya tarehe kufika.

Mwezi wa Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa nchi nzima. Ulionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa bado asilimia 39. Kwa hesabu ya tarehe, lengo lilikuwa limeshindikana. Ilikuwa rahisi kuificha tarakimu hiyo, au kubadili maana ya kujua kusoma ili hesabu ipendeze. Badala yake kazi iliendelea na kupimwa tena. Mwaka 1977 wasiojua walikuwa asilimia 27, mwaka 1981 asilimia 21, na mwaka 1986 walikuwa chini kidogo ya asilimia 10.

III. Tarehe Iliyotimizwa, Lengo Lililopotea

Sasa tuviangalie vijiji. Katika maandiko ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 Mwalimu alieleza wazi kwamba kijiji cha Ujamaa hujengwa na watu walioamua wenyewe, na kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuwa mjamaa. Lakini kwenda kwa hiari kulionekana ni kwenda polepole. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba wananchi wote wawe wamehamia ifikapo mwisho wa mwaka 1976.

Tarehe hiyo kwa sehemu kubwa ilitimizwa. Kufikia mwaka 1977 watu wapatao milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Shule, zahanati na maji viliwafikia wengi ambao pengine visingewafikia, na si haki kulisahau jambo hilo. Lakini katika haraka ya kutimiza tarakimu, mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Wengine walipelekwa mbali na mashamba yao, au penye maji haba na ardhi iliyochoka. Kiongozi wa wilaya alipimwa kwa idadi ya watu aliowahamisha, naye akaihesabu idadi hiyo. Kuzalisha kwa pamoja, ambako ndiko kulikokuwa lengo, hakukuweza kuhamishwa kwa lori.

Mwalimu mwenyewe hakulificha jambo hili. Katika tathmini yake ya mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alisema wazi kwamba Tanzania ilikuwa bado si nchi ya Ujamaa wala haijajitegemea.

IV. Tofauti Iko Wapi

Kutokana na mifano hii miwili tunapata mambo matatu.

Kwanza, mwenye lengo ni nani? Mwanakisomo alilifanya lengo kuwa lake, kwa kuwa lilimwondolea dhuluma aliyoijua. Mhamiaji wa mwaka 1974 aliletewa lengo likiwa limekwisha kukatwa na kushonwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kutuonya kwamba maendeleo ya watu hayaletwi bila watu wenyewe kushiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza. Onyo tulikuwa nalo mkononi, lakini halikufuatwa.

Pili, tunapima nini? Tarakimu ni chombo cha kupimia lengo. Chombo kikishika nafasi ya lengo, watendaji watatafuta tarakimu kwa njia yoyote, na taarifa zitakuwa nzuri wakati hali ni mbaya. Hata kwa mtu mmoja ni hivyo: mwanafunzi anayekariri ili apate alama tu huzipata alama hizo, na elimu ikampita.

Tatu, tunafanya nini tarehe ikipita? Asiyefika huona haya, akaliacha lengo au akadanganya kuwa amefika. Anayefika huyakubali matokeo, akatafuta sababu, akaanza tena mahali alipokomea. Mtihani wa 1975 haukuwa wa kujivunia, lakini ukweli wake ndio uliowezesha hatua ya 1986.

V. Lengo Lililofikiwa Hulindwa

Kuna fundisho moja zaidi, nalo ni chungu. Mwisho wa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 uchumi wetu ulipigwa na vita vya Kagera, bei ya mafuta na kushuka kwa mapato ya mazao. Elimu ya watu wazima ilipungukiwa fedha, na ada zilirudi katika shule za msingi, mpaka zilipofutwa tena mwaka 2001. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba kiasi cha watu wazima watatu katika kila kumi hawakujua kusoma na kuandika. Ingawa mtihani na sensa havipimi kwa namna moja, hapana shaka kwamba tulirudi nyuma. Mtu aliyesoma na kukosa gazeti wala kitabu husahau. Taifa lililofika na kuacha kulisha lililokifikia hurudi lilikotoka.

VI. Wajibu wa Kada

Kwa hiyo kada anapopokea lengo, liwe la Chama, la kijiji au lake mwenyewe, hana budi kuuliza: Nani atafaidika, naye amekubali? Hatua ya kwanza ni ipi, na itaanzia wapi? Tutajuaje kwamba tumefika, bila kujidanganya? Tukichelewa, tutasema kweli mbele ya nani? Na tukiisha kufika, nani atalinda?

Taarifa inayosema asilimia mia moja inapomfikia, asianze kwa kupiga makofi. Aende kijijini akatazame, akakae na watu na kuwasikiliza. Ni afadhali Chama kikose tarehe kikiwa pamoja na watu kuliko kitimize tarehe kikiwa peke yake.